Hostia za atta za masista: zinamegeka vizuri, zinataka chombo kikavu

Parokia nyingi zimezoea hostia, yaani mkate wa Misa, nyeupe, nyembamba, zinazoyeyuka ulimini kabla hazijatafunwa. Hizi za kahawia, zinazookwa na masista kwa atta, unga wa ngano isiyokobolewa, ni bora, tena si kwa ladha tu. Ukiinua moja kwenye mwanga unaona vidoadoa vya pumba, na chembe ya ngano ya Yohana 12:24, iliyokufa ikazaa, haihitaji maelezo marefu. Mwongozo wa Misale ya Kirumi, namba 321, unataka mkate wa Ekaristi uonekane kweli ni chakula, na padre aweze kuumega na kuwagawia walau baadhi ya waamini. Hostia kubwa, ya takriban sentimita 15, ina mistari ya kumegea vipande 24. Ikimegwa wakati wa sala ya "Mwanakondoo wa Mungu" kabla ya komunyo, waamini wanaona kwa macho alichoandika Paulo: mkate mmoja, sisi wengi mwili mmoja.

Viungo ni unga wa ngano na maji, basi. Hamna chumvi, mafuta wala hamira. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa inadai ngano tupu na mkate wa karibuni, kwa hiyo pakiti isiyo na tarehe ya kuokwa irudishe.

Kagua kingo. Karatasi ya hostia, yaani bapa zima kabla ya kukatwa vipande, ikitoka kwenye pasi za moto huwa kavu mno; lazima ilainishwe kwa unyevu kabla ya kukatwa. Waokaji wakiharakisha, kingo hupasuka na kumwaga chembechembe. Kwa anayeamini kwamba kila chembe ni Mwili wa Kristo, hilo si dogo. Kingo za hizi zimebanwa vizuri. Hata hivyo, zipepete kwenye chekeche kabla ya kuzipeleka altareni.

Kasoro ni mbili. Ni nene, hivyo siborio, chombo cha kuwekea hostia, hujaa mapema. Pia atta ina mafuta ya kiini cha ngano, kwa hiyo huchacha upesi kuliko nyeupe, na joto la Pwani huzidisha. Nunua za kutosha mwezi mmoja, uzifunge kwenye bati lenye kifuniko kinachobana.

Muumini asiyevumilia gluteni, protini ya ngano, hazimfai hizi. Aagiziwe zenye gluteni kidogo, zinazoruhusiwa. Zisizo nayo kabisa si halali. Hizo zenye gluteni kidogo ziwekwe siborio ya peke yake.