Kechapu (tomato) ya Heinz ya Uingereza na ya Marekani sio kitu kimoja, nimezionja pamoja

Hii naiandika kwa wenzangu mnaohamahama. Umetoka Uingereza umekuja Marekani, au umetoka Dubai umeenda Canada, unaingia supamaketi unaona chupa ile ile unayoijua, jina lile lile, rangi ile ile, unafika nyumbani unamimina kwenye chipsi, unaonja, unabaki unajiuliza hii mbona haiko kama ile? Ulimi wako uko sawa kabisa jamani. Ni kweli hazifanani, na ukigeuza chupa ukasoma yale maandishi madogo ya nyuma unaona kabisa sababu.

Mi nimekulia Dar, tomato niliyoijua mwanzo ni ile ya banda la chipsi, nyekundu inayong'aa, unamwagiwa juu ya zege mpaka yai halionekani, na nyumbani ilikuwa Dabaga ya Iringa. Heinz nimekuja kuizoea Uingereza, nimeishi kule miaka kadhaa ndo nikahamia huku Ohio. Kwahiyo nilipoanza kununua ya huku nikahisi utofauti siku ile ile, lakini kila ninayemuuliza ananijibu jibu moja tu, eti "ni sukari, Wamarekani wanaweka sirapu ya mahindi." Nikasema ngoja nizitafute zote mbili nizionje kwa pamoja, zikiwa zimekaa meza moja, maana ukionja leo hii na nyingine ukaonja mwakani unakuwa unakumbuka tu.

Ya Marekani iko kila mahali. Ya Uingereza nimeipata kwenye duka linalouza vitu vya Kiingereza, bei yake mara mbili na zaidi, lakini ipo. Nikazitoa kwenye friji mapema baridi ipungue, maana ikiwa ya baridi sana utamu na harufu vinajificha, nikakaanga chipsi nisitie chumvi kabisa, nikachemsha na mayai. Mdogo wangu alikuwa amekuja kunitembelea, nikamwekea kwenye vibakuli viwili bila kumwambia ipi ni ipi. Akachovya ya kwanza, akanyamaza, akachovya ya pili, akarudi kwenye ya kwanza tena akalamba kidole. Akaniambia, "Dada, hii ina kitunguu, na hii nyingine ina kama nyanya zaidi, ina kaharufu fulani ka majani." Nilishangaa maana lebo hajaiona! Ya Marekani imeandikwa kabisa ina unga wa vitunguu. Ya Uingereza haina kitunguu kwenye orodha, ina nyanya, siki, sukari, chumvi, na viungo vyenye selari ndani yake. Hako kaharufu ka majani nadhani ndo hako.

Sasa tuje kwenye sukari, hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri.

Chupa ya Marekani inasema kijiko kimoja cha mezani ni gramu 17, na ndani yake kuna sukari gramu 4. Ukipiga hesabu kwa gramu 100 inakuja kama 23 na kitu. Ya Uingereza wanaandika kwa gramu 100 moja kwa moja, sukari 22.8. Umeona? Ni karibu sawa. Yaani hiyo habari kwamba ya Marekani imejaa sukari kuliko ya Uingereza, lebo zenyewe zinaikataa. Tofauti iko kwenye aina tu, huku wanatumia sirapu ya mahindi na kule sukari ya kawaida. Na hata hiyo aina mi sidhani kama ndo inayotufanya tuhisi utofauti mkubwa hivyo, maana sukari ya kawaida ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, ikiingia kwenye kitu chenye asidi kama siki na nyanya, tena ikapata moto, inaanza kuachana. Sirapu nayo ni glukosi na fruktosi hizo hizo. Mwisho wa siku kwenye chupa vinakaribiana sana.

Kwa nini basi wakaweka sirapu? Hela. Marekani ina mahindi ya kumwaga, na sukari inayotoka nje serikali yao inaiwekea kiwango na ushuru, kwahiyo sukari ndani ya nchi bei iko juu. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viwanda vingi vya vinywaji na vyakula vikahamia kwenye sirapu. Ulaya huko sirapu yenyewe ndo iliyokuwa imewekewa kiwango mpaka 2017, kwahiyo wao wakabaki na sukari yao. Hii ni sera ya kilimo imeingia mpaka kwenye chupa ya tomato.

Chumvi sasa. Hiyo ndo kubwa na sijamsikia mtu anaisema. Chupa yangu ya Marekani inasema sodiamu miligramu 180 kwa kijiko. Kuipata chumvi unazidisha sodiamu mara 2.5, kwahiyo ni gramu 0.45 kwa kijiko, ukipeleka kwenye gramu 100 inakuwa kama 2.6. Ya Uingereza? 1.8. Ni karibu nusu zaidi! Ndo maana ya Marekani ukiilamba inakupiga kwa nguvu mwanzoni kabisa, na hiyo nguvu watu wengi wanaiita utamu wakati ni chumvi imeushika ule utamu ikausukuma mbele. Serikali ya Uingereza tangu 2006 imekuwa inawawekea watengenezaji malengo ya kupunguza chumvi kwenye vyakula, mkate, supu, sosi, vyote, na kampuni zikawa zinapunguza kidogo kidogo watu wasistuke. Mtu aliyekaa kule muda mrefu ulimi wake umeshazoea chini, akija huku kila kitu anakiona kimekolea.

Kwahiyo kama una presha, au unampikia mzee mwenye presha, usiangalie jina la chupa, angalia hiyo namba. Nasema hivi kwa sababu nawajua watu wanaokwepa sirapu kwa bidii zote alafu mstari wa sodiamu wanauruka kama haupo.

Na msidhani ya Uingereza inamaanisha imetengenezwa Uingereza, kwa miaka mingi kechapu yao ilikuwa inatoka kiwanda cha Elst kule Uholanzi, mpaka 2021 wakatangaza kuirudisha Kitt Green, Wigan. Watu walikuwa wanaila na kuisifia ni ya kwao muda wote huo. Kinachobadilisha ladha ni kwamba imepikwa kwa ajili ya soko gani, kiwanda kiko wapi ni habari nyingine.

Hukumu yangu: kwa chipsi, mayai, sambusa, naenda na ya Uingereza bila kufikiria mara mbili, nyanya inasikika na haikuchoshi. Kwa nyama ya kuchoma au baga, ya Marekani iko vizuri zaidi, ule unga wa vitunguu na chumvi vinasimama na moshi wa nyama, ya Uingereza pale inapotea. Mdogo wangu yeye alichagua ya Marekani kwa kila kitu, akasema iko karibu zaidi na ya bandani. Sikubishana nae, kila mtu na alikokulia.

Mayonesi nayo nimeiangalia kwa sababu kachumbari ya kabichi kwangu haiishi. Hellmann's asili yake ni New York, na huku ukivuka Milima ya Rocky kwenda magharibi inaitwa Best Foods, kwahiyo ukiwa California usihangaike kuitafuta kwa jina la Hellmann's. Ya huku mafuta yake ni ya soya. Ya Uingereza ni mafuta ya kanola, yale yanayotoka kwenye maua ya njano unayoyaona mashambani ukipanda treni mwezi wa tano. Kila nchi imeweka mafuta inayoyalima kwa wingi, hakuna siri hapo. Kwangu mimi ya Uingereza inasikika nyepesi zaidi, ya Marekani ni nzito na inashika mdomoni, kwa sandwichi ya tuna naipenda hiyo nzito. Kwenye kabichi hapana, inalemea.

Ila kama hujawahi kuonja Kewpie, mayonesi ya Wajapani, itafute. Iko sokoni tangu 1925 na inatumia kiini cha yai tupu bila ute, ndo maana ina rangi ya njano njano na ni laini sana. Lakini hapa pia kuwa makini, kuna inayotoka Japani na kuna inayotengenezwa hapa hapa Marekani. Ya Japani ina ajinomoto ndani, ya Marekani wameitoa wakaweka dondoo la hamira, nadhani kwa sababu wateja wa huku wakiona ajinomoto kwenye lebo wanaogopa. Ladha zinakaribiana ila ya Japani ina ule utamu wa mchuzi unaobaki ulimini baada ya kumeza, ya huku unakatika mapema. Mimi nachukua ya Japani, na ajinomoto sina shida nayo, mama alipika nayo miaka yote. Ukiwa dukani angalia nyuma wameandika nchi gani, usiangalie kile kidoli cha mbele maana kiko kwenye zote.

Sasa Lea & Perrins. Hii ndo inayonigusa zaidi kwa sababu ndo naroweka nayo mishikaki, na watu wengi hawajui kilichomo. Ni sosi ya mji wa Worcester huko Uingereza, ilianza kuuzwa 1837, na ukisoma viungo vyake ni kama mtu alikuwa pwani kwetu: ukwaju, samaki wadogo wa chumvi ambao ni jamii moja na dagaa wetu wa baharini, kitunguu saumu, sukari guru ile nyeusi ya maji, siki. Ukwaju jamani! Mtu wa Unguja aliyekunywa urojo akilamba hii anaijua kabla hata hujamwambia.

Ya Uingereza siki yake ni ya kimea cha shayiri. Ya Marekani ni siki nyeupe. Kwa maneno inaonekana ni kitu kidogo ila nenda kaimimine kwenye kijiko uinuse. Siki ya kimea ina upole fulani, ina harufu kama ya mkate uliokolea moto, na ukwaju unakuja nyuma yake taratibu. Siki nyeupe ni kali, inachoma pua kwanza, ndo baadae unapata utamu na karafuu. Nyama niliyoroweka usiku kucha na ya Uingereza ilitoka na rangi nzuri na ukali umetulia. Niliyoroweka na ya huku ilikuwa kali zaidi, sio mbaya, ila ilibidi nipunguze limao, na tangu hapo nikitumia ya Marekani limao siweki kabisa na mishikaki inatoka safi.

Kitu kingine cha muhimu, hiyo shayiri ya kwenye ya Uingereza inamaanisha wale wasiovumilia gluteni inabidi waiangalie kwa makini. Ya Marekani haina shayiri kwenye siki yake. Kwahiyo kama una mgeni mwenye tatizo hilo, usiseme "aah Lea & Perrins nishawahi kumpa huko nyuma haikumdhuru," inategemea ulimpa ya nchi gani. Kuzitofautisha ni rahisi, ya huku inakuja imefungwa karatasi ya kahawia chupa nzima, ya Uingereza haina karatasi, ina lebo ya rangi ya chungwa.

Kikkoman, ile sosi ya soya, nitaigusa tu. Wana kiwanda Wisconsin tangu 1973 na kingine Uholanzi tangu 1997, na katika zote nilizozionja hii ndo iliyonishinda kutofautisha kwenye chakula. Ya Ulaya lebo ina vitu vinne, maji, soya, ngano, chumvi, basi. Ya Marekani wameongeza kihifadhi kidogo sana. Kwenye wali wa kukaanga sisikii kitu. Nunua yoyote iliyo karibu.

Mwisho kuhusu kununua hizi za kutoka nje ukiwa huku: waagizaji wengi wanabandika stika yenye namba za mfumo wa Marekani juu ya lebo ya asili, na mara nyingi stika inafunika ile orodha ya viungo ya awali. Ibandue taratibu na maji ya uvuguvugu, chini yake lebo ya Uingereza iko nzima. Na angalia tarehe kabla hujalipa, duka moja nililokwenda mayonesi ilikuwa imebakiza wiki chache na bei iko pale pale, niliirudisha kwenye shelfu nikachukua kechapu peke yake, yenyewe tarehe ilikuwa ya mwaka unaofuata.