Darubini ya 8x32 kwenye baiskeli, Danube ya chini: uzoefu wangu

Ukiuliza watazamaji ndege ununue darubini gani, wengi watakutajia 10x42. Kwa mtu anayetembea kwa miguu au anayeshuka kwenye gari sina ubishi nao. Mimi nilikuwa naenda kuendesha baiskeli kandokando ya mto Danube, kutoka Belgrade, mji mkuu wa Serbia, hadi Tulcea kwenye delta ya Romania, nikabeba 8x32. Safari imeisha, na siibadilishi.

Namba zenyewe ni rahisi. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya mara 10 humleta ndege karibu zaidi, ila na mtetemo wa mikono yako inaukuza vilevile. Umetoka kupanda mlima na mizigo, moyo unadunda, jasho linaingia machoni: kwa mara 10 ndege anarukaruka kama yuko ngomani, na kwa mara 8 unamuona ametulia. Halafu kuna upana wa unachokiona. Nyingi za mara 8 hukupa mita 130 hadi 140 kwa umbali wa mita 1,000, za mara 10 ni kama mita 110. Ndege akikatiza barabara mbele yako, hapo ndipo utakapojua kama umemuona au umeangalia mawingu.

Uzito ni kama nusu kilo, kwa hiyo inakaa kwenye mkoba wa usukani juu ya kitambaa, mfuniko haufungwi. Usiiweke kwenye mikoba ya nyuma juu ya keria. Barabara za kokoto zinatikisa, na darubini iliyotikiswa sana prizimu zake, vile vioo vya ndani, zinaweza kuhama, ukaanza kuona ndege wawili pale alipo mmoja. Shingoni nako hapafai, kwani ukiinama inabembea na kukugonga.

Jambo ambalo halimo kwenye matangazo ya darubini ni kwamba ndege wengi hawamwogopi mwendesha baiskeli mpaka ashuke. Mimi sishuki. Nasimama mguu mmoja chini, viwiko nimeviegemeza juu ya mkoba wa usukani, natazama. Ule usukani unakuwa stendi. Hivyo ndivyo nilivyowaangalia keremkerem kwa utulivu kwenye kingo za udongo laini, wakiingia na kutoka kwenye mashimo yao na nyuki mdomoni.

Njia yenyewe ni sehemu ya EuroVelo 6, njia ndefu ya baiskeli inayotoka pwani ya Atlantiki ya Ufaransa hadi Bahari Nyeusi. Kwenye korongo la Iron Gates, upande wa Serbia, kuna mahandaki mengi ya barabara na baadhi ni giza totoro. Taa ya nyuma ni lazima, na hapo darubini sahau. Baadaye unachagua ukingo wa kupita: Bulgaria ina vilima vya kupanda na kushuka bila mwisho, Romania ni tambarare na vijiji vinafuatana. Kwa ndege wa vijijini, Romania. Korongo weupe wamejenga juu ya nguzo za umeme, nguzo baada ya nguzo, kwenye majukwaa ya chuma waliyowekewa wasiungue na nyaya. Kwa macho matupu unaona korongo tu. Weka darubini kwenye sehemu ya chini ya lile rundo la vijiti: shomoro kibao wanaingia na kutoka, nao wana viota vyao humohumo, wapangaji wasiolipa kodi.

Hata hivyo, nilivuka kwenda Bulgaria kwa ajili ya ziwa Srebarna, karibu na Silistra, lililoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983. Wako ndege mwari wa Dalmatia pale, na ndipo 8x32 iliponithibitishia thamani yake. Mwari akipita juu, mtazame chini ya bawa. Mwari mweupe ana manyoya meusi nyuma ya bawa zima, yanajitenga na weupe waziwazi. Wa Dalmatia chini ya bawa ni kijivujivu tu, hana huo mpaka mkali. Akitua, miguu yake ni ya kijivu, wala si ya rangi ya waridi au manjano. Nilizitofautisha vizuri alama zote hizo kwa mara 8.

Kutambua ndege kwa sauti zao nilitumia Merlin, programu ya simu ya Cornell Lab (maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani), ambayo ni ya bure. Pakua kifurushi cha ndege wa eneo kabla hujaondoka na itafanya kazi bila intaneti. Iwashe ukiwa umesimama, maana upepo wa mwendo unafunika kila kitu. Bila hiyo nisingemjua kubwiro, ndege wa manjano mwenye mabawa meusi anayejificha kwenye majani ya juu ya miti ya mipopla, anapiga mluzi mchana kutwa na hajionyeshi.

Tulcea ndipo barabara inapokuzidi ujanja. Delta ni maji na matete, unaingia kwa boti, na kibali cha hifadhi unakata kabla. Ndani ya boti 8x32 ni raha, kwa sababu boti nayo haitulii. Lakini kama shida yako ni ndege wadogo wa matopeni walio mbali kwenye mabwawa ya pwani, darubini hii haitakutosha. Hao wanahitaji teleskopu na stendi ya miguu mitatu, na huo mzigo sijaona pa kuufunga kwenye baiskeli.

Lawama yangu ni moja. Vikombe vya mpira vya machoni vinajirudisha ndani vyenyewe, kila ukiitoa mkobani unavivuta upya, na ndege hakusubiri. Niliwaandikia waliotengeneza, wakataka niwatumie darubini nzima wakati niko njiani. Nilikata vipande viwili vya tyubu kuukuu ya baiskeli, nikavivisha pale chini ya kila kikombe. Vimeshika mpaka leo.