Silaha kwa mshirika: kubeba gharama au kudai faida?

Wazee wa Kampala hawajasahau Aprili 11, 1979, Watanzania na wapiganaji wa Uganda walipouteka mji na Idi Amin akatimka. Tanzania ilibeba mzigo wa vita ile ikiwa yenyewe hoi kiuchumi. Taifa tajiri je?

Mwaka 1941 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaazima washirika silaha. Shehena za takriban dola bilioni 50 zikasafirishwa, na vilivyoteketea vitani havikulipiwa. Si kwamba ilikuwa sadaka: vita vilipokwisha, Uingereza ilikopeshwa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2 na masharti yaliyoitikisa pauni, ikamaliza kulipa Desemba 2006. Lakini bili hiyo ilikuja baada ya ushindi.

Njia ya faida inataka mkataba risasi zikiwa bado zinalia. Aprili 30, 2025 Marekani na Ukraine zilisaini makubaliano ya mfuko wa pamoja wa uwekezaji. Ukraine inachangia nusu ya mapato ya serikali kutoka leseni mpya za madini, mafuta na gesi. Msaada wa nyuma haukugeuzwa deni, na hilo ni jema. Mlipa kodi wa Marekani naye ana haki yake, sikatai. Ila anayeunguliwa na nyumba hapatani bei ya maji.

Mimi naichagua ya 1941, pamoja na masharti yake. Waganda tunajua jeshi likikaribiana na madini kinachofuata: Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya jeshi lake huko, milioni 60 kati yake zikiwa za maliasili zilizoporwa.