Shogi: mateka anageuka askari wako

Nimechukua seti ya shogi, chesi ya Wajapani, bodi 9 kwa 9, kete 20 kila mtu. Mbao safi ila kijitabu balaa, kwenye mateka tukabishana nusu saa nzima. Iko hivi: ukila kete inakuwa yako, zamu ikifika badala ya kusogeza unaishusha popote penye nafasi, ndo maana zote rangi moja, ncha ya kete inakoelekea ndo inasema ni ya nani. Kete iliyopanda cheo ikiliwa inarudi cheo chake cha mwanzo. Askari, ile kete ndogo ya mbele, humshushi kwenye safu ya wima yenye askari wako mwingine ambaye hajapanda cheo, wala kumshusha amfunge mfalme papo hapo mchezo ukaisha. Waliozoea bao watacheka tu, kete za kuliwa si zinarudi ubaoni! Nyota 4.