Banda lenye ubao la Ilazo, Dodoma: tathmini ya jioni mbili za dabi

Nimeishi Dodoma tangu mwaka 2017, ofisi yetu ilipohamia huku kutoka Dar es Salaam pamoja na ofisi nyingine za Serikali, na katika miaka hiyo nimeitazama Dabi ya Kariakoo katika mabanda yasiyopungua manane, kuanzia Majengo hadi Nkuhungu. Kwa mtu aliyekulia Temeke na kuzoea kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kwa miguu, kupata mahali panapostahili mchezo wa Simba na Yanga hapa katikati ya nchi si jambo dogo. Banda ninalolitathmini liko Ilazo, nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Halina bango wala jina lililoandikwa popote, lakini ukiwaambia vijana wa bodaboda wakupeleke kwenye banda lenye ubao, watakufikisha bila kukuuliza swali la pili.

Ubao huo ndio ulionifanya niandike. Mabanda mengi hufunguliwa saa moja kabla ya mpira kuanza, watu hugombania nafasi, mpira ukiisha taa huzimwa na kila mtu hushika njia yake. Hili hufunguliwa pia jioni ya kuamkia dabi, bila kiingilio, kwa ajili ya uchambuzi peke yake. Mwenyekiti wa kikao ni mwalimu mstaafu ambaye hadi leo hakuna anayejua kwa yakini anashabikia upande gani, na nyuma yake umesimikwa ubao mweusi wa darasani ambao juu yake ameandika kwa chaki matokeo ya watani hawa wa jadi, mwaka baada ya mwaka. Yapo mabao 5–0 ya Yanga ya Juni 1968, wakati Simba bado ikiitwa Sunderland. Yapo mabao 6–0 ya Simba ya Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Yapo pia 5–0 ya Simba ya Mei 2012, ambayo mlinda mlango Juma Kaseja naye alifunga kwa penalti. Kijana wa miaka 20 akiingia pale kwa mara ya kwanza, hutumia robo saa nzima akiusoma ubao kabla hajatafuta kiti.

Nilihudhuria kikao cha Juni 24, 2025, na sidhani kama nimewahi kusikiliza mjadala wa mpira uliokuwa na uzito kama ule. Wasomaji watakumbuka hali ilivyokuwa. Dabi ya mzunguko wa pili iliyopangwa Machi 8 ilikuwa imeahirishwa siku ile ile ya mchezo, ikasogezwa hadi Juni 25, na kwa mpangilio huo ikageuka kuwa mchezo wa mwisho wa ligi: Yanga walikuwa na pointi 79, Simba 78, sare iliwatosha Yanga kutwaa ubingwa wa nne mfululizo, na Simba hawakuwa na njia nyingine zaidi ya ushindi. Ligi yenye michezo 30 kwa kila timu ilikuwa imebanwa ndani ya dakika 90, na banda zima lilizungumza kwa sauti ya chini kuliko kawaida.

Mwalimu ana kanuni moja ambayo ningependa kila banda nchini liige. Anayesimama kusemea timu yake hapewi nafasi ya kutabiri mpaka amtaje mchezaji mmoja wa upande wa pili anayemhofia, na aeleze sababu. Kanuni hiyo huondoa matusi kwa wepesi wa ajabu, kwa kuwa mtu akishakiri ubora wa mwenzake hadharani, ni vigumu tena kurudi kwenye kejeli. Majina ya utani ya kudhalilisha, ambayo sote tunayajua na ambayo mitaani yameshageuka salamu, hayatamkwi pale hadi kikao kifungwe.

Upande wa Yanga ulisemewa na mama mmoja anayeuza mboga katika soko la Sabasaba, mwanamke wa makamo mwenye kumbukumbu kali, na upande wa Simba ukasemewa na kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Kijana alianza kwa kumwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibu tukuambie," watu wakapiga makofi. Mama alikiri kwamba anamhofia Moussa Camara, kwa kuwa kipa wa aina ile huweza kumkatisha tamaa mshambuliaji kabla hajapiga mpira, kisha akageukia ubao na kuanza kuhesabu: 5–1 ya Novemba 2023, 2–1 ya Aprili 2024, 1–0 ya Ngao ya Jamii Agosti 2024, 1–0 ya Oktoba mwaka huo huo. Michezo minne, ushindi mara nne. "Mimi sare inanitosha, wewe haikutoshi," alimwambia kijana. "Kesho mwenye haraka ni wewe, na mwenye haraka husahau kufunga mlango."

Kijana alijibu kwa adabu na kwa hoja. Alimtaja Pacome Zouzoua kuwa ndiye anayemnyima usingizi, kwa sababu ana utulivu wa kuushika mpira ndani ya eneo la hatari hadi beki akosee. Baada ya hapo alisema kwamba Stephane Aziz Ki alikuwa ameshaondoka Yanga kwenda Wydad ya Morocco, kwamba Jean Charles Ahoua wa Simba ndiye aliyekuwa akiongoza kwa mabao katika ligi, na kwamba timu iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwezi uliotangulia haiwezi kuitwa dhaifu hata kama kombe lilikwenda kwa Berkane, pia ya Morocco. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama safari za fainali hiyo hazikuwachosha wachezaji. Swali hilo lilichukua dakika 20 peke yake, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa kiini cha usiku ule, kwa sababu lilihama kutoka kwenye ushabiki na kuingia kwenye miguu na mapafu ya binadamu. Wengine walisema ratiba ya ugenini huua kasi ya mabeki wa pembeni. Wengine wakasema mwezi mzima unatosha kupumzika. Kijana aliwakumbusha wote Oktoba 20, 2013, Yanga walipokwenda mapumziko wakiongoza 3–0 na mchezo ukamalizika 3–3. Mama hakubisha, alisema tu kwamba siku ile aliondoka kwenye banda wakati wa mapumziko akiwa na furaha, akaja kuusikia ukweli kwa jirani.

Mwalimu mwenyewe aliongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alituonyesha msimu wa 2023/24 kuwa ni mfululizo mmoja: Tanga, Agosti, fainali ya Ngao ya Jamii ilikwisha bila bao na Simba wakashinda kwa penalti 3–1, kipa wao Ally Salim akiokoa tatu, miezi mitatu baadaye Simba hao hao wakafungwa 5–1. Kwa hiyo, alisema, mchezo uliopita haukuambii nani atashinda mchezo ujao. Unakuambia tu nani atakuwa na hofu. Nimelitafakari neno hilo mara nyingi tangu siku ile.

Kikao hufungwa kwa kila mtu kuandika matokeo anayoyatarajia kwenye kipande cha karatasi kinachotiwa ndani ya kopo la maziwa. Hakuna fedha inayowekwa. Anayepatia hupewa nusu kuku kesho yake. Mimi ni mtu wa Simba, na niliandika 2–1 kwa mkono uliotetemeka kidogo.

Siku ya mchezo ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, baadhi ya wenzangu huenda Dar es Salaam kutazama dabi uwanjani, lakini mtumishi asiye na ruhusa hana budi kutafuta banda. Kiingilio cha siku za kawaida ni shilingi 1,000 na siku ya dabi ni shilingi 2,000, na unaweza kulipia mapema ukapewa karatasi yenye mhuri na namba ya benchi. Namba hiyo inaheshimiwa. Nilifika nikiwa nimechelewa na nikakuta nafasi yangu haijakaliwa, jambo ambalo halijawahi kunitokea kwingine. Machi 8, mchezo ulipoahirishwa, nilikuwa nimelipia mahali pengine hapa mjini, na fedha yangu sijarudishiwa hadi leo. Waliolipia banda la Ilazo walirudishiwa zao jioni ile ile, na wenye kadi za namba wakaambiwa wazihifadhi kwa ajili ya tarehe mpya. Habari hiyo ndiyo iliyonihamisha.

Kuhusu picha na sauti, banda lina projekta inayomulika kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe, pamoja na televisheni mbili za pembeni kwa waliokaa mbali. Picha ni safi usiku. Mchezo ukianza alasiri, mwanga hupenya kati ya bati na ukuta na rangi za jezi hufifia, ingawa mwenye banda ameanza kuziba nafasi hizo kwa turubai. Sauti ya mtangazaji haizidiwi na kelele, kwa sababu spika zimefungwa juu ya vichwa na si mbele. Redio haziruhusiwi ndani, na kanuni hiyo ni ya haki kabisa: matangazo ya redio huwahi kuliko picha ya kisimbuzi kwa sekunde kadhaa, na mtu mmoja mwenye redio sikioni huweza kuwaharibia watu 150 bao wanalolisubiri. Umeme ulikatika mara moja kipindi cha kwanza na jenereta ikawaka kabla hatujamaliza kuguna.

Mabenchi yana egemeo. Anayejua kwa nini mabanda haya yaliitwa vibanda umiza ataelewa thamani ya egemeo. Wekundu hukaa kulia, njano na kijani hukaa kushoto, na katikati kumeachwa safu mbili kwa akina mama, watoto na yeyote asiyetaka kubanwa na upande wowote. Niliwahesabu wanawake 30 na zaidi, wengi wakiwa peke yao, na kijana wa mlangoni alimtoa nje mtu aliyekuwa akiwasumbua, bila majadiliano.

Chakula ni cha kawaida na ni kizuri. Mishikaki huchomwa papo hapo kwa shilingi 500 kwa kijiti, kuku wa kienyeji ni mgumu kidogo lakini ana ladha, na kuna mzee wa kahawa anayepita na birika na kashata kama vile yuko Kariakoo. Juni hapa ni mwezi wa baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa jioni huingia hadi kwenye mifupa, hivyo kikombe cha kahawa chungu mkononi kilikuwa msaada wa kweli. Kasoro ya jiko ni kwamba limewekwa upande unakotokea upepo, na moshi uliingia ndani katika kipindi chote cha pili. Kasoro kubwa zaidi ni choo. Ni kimoja kwa banda zima, wanaume na wanawake, na foleni ya mapumziko ilikuwa ndefu kiasi kwamba baadhi ya watu walirudi wakati kipindi cha pili kimeshaanza. Nilimweleza mwenye banda, akaniambia shimo la pili limeshachimbwa. Niliporudi mwezi uliofuata nililiona limejengewa hadi usawa wa dirisha.

Matokeo kila mtu anayajua. Pacome alifunga kwa penalti, Clement Mzize akaongeza la pili, na Yanga wakawa mabingwa kwa 2–0. Kijana wa chuo alikaa kimya akiutazama ukuta, kwa maana alikuwa amemtaja mtu yule yule jana yake. Hapo nikaona utaratibu mwingine wa banda hili: kipenga cha mwisho kikilia, milango miwili hufunguliwa, wenye furaha hutokea mbele kwenda barabarani kuimba, na waliofungwa hutokea pembeni, taratibu, bila kusukumana wala kuzomewa. Mama wa Sabasaba hakutoka na wenzake. Alizunguka hadi upande wetu, akampa kijana kashata, akamwambia, "Kula mwanangu, mwakani mtarudi," kisha akaenda zake. Nusu kuku ilichukuliwa na dereva wa bodaboda aliyeandika 2–0, naye aliigawa kwa watu wanne.

Anayetaka nafasi ya dabi ijayo aende wiki moja kabla, jioni, na aulizie safu za mbele ya nguzo ya pili, kwa kuwa waliokaa nyuma yake hukosa kona ya kushoto ya picha. Mimi nimeshalipia mbili katika safu za katikati, na safari hii nitakuja na binti yangu wa miaka kumi, ambaye ameniomba kwanza apelekwe kuusoma ubao.