Pasi ya Eurail kwa Anayesubiri Viza: Nimeitumia, Haya Ndiyo Niliyoyaona

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Niko nyumbani hapa Ntinda, Kampala, mvua imekatika sasa hivi, kwa hiyo jogoo wa jirani akiingilia kati mnivumilie. Leo tunachambua pasi. Siyo ya kunyooshea nguo, na siyo pasipoti. Hii ni pasi ya treni za Ulaya, Eurail, inayouzwa kwa sisi tusioishi kule. Wakazi wa Ulaya wana ya kwao, Interrail. Kwa hiyo ukiwa na dada Brussels anayetaka kukufanyia hisani, mwambie asikununulie ile yao, maana pasipoti hukaguliwa ndani ya treni.

Yangu ilikuwa ya siku 4 ndani ya mwezi 1, daraja la pili. Haikufika Euro 300, lakini kwa pesa zetu ilivuka shilingi milioni moja. Ndani ya mwezi huo unachagua siku 4 zozote, zifuatane zisifuatane, na kila siku uliyoichagua unapanda treni upendavyo, tangu saa sita usiku hadi saa sita usiku inayofuata. Nchi 33 zimo.

Sasa tupige hesabu kama wafanyabiashara wa soko la Kikuubo. Kila siku ilinigharimu karibu Euro 70. Kule Ujerumani, tiketi ya kawaida ukiiwahi miezi miwili mitatu kabla, safari ndefu kabisa unaweza kuipata chini ya Euro 30. Kwa hesabu hiyo pasi imeshindwa, na Wazungu wengi mtandaoni watakwambia hivyo hivyo, usinunue. Sawa. Ila wao hawasubiri viza.

Tiketi ya bei nafuu inakufunga na treni ile, siku ile, saa ile. Ukiikosa, pesa imekwenda. Na sisi ombi la viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, hatuwezi kulipeleka zaidi ya miezi 6 kabla ya safari. Kujibu kwa kawaida ni siku 15, wakitaka wanafika 45, na muda wote huo pasipoti yako wanayo wao. Yangu ilirudi zimebaki siku 9 nipande ndege. Nikafungua simu, zile tiketi za Euro 30 zilishavuka 100. Pasi haina mchezo huo. Bei haipandi kwa sababu umechelewa, na ukishainunua una miezi 11 ya kuianzisha. Kwangu mimi thamani yake iko hapo, na kwingine ni mapambo tu. Isipoanzishwa unaweza kuirudisha wakakukata kiasi, ila zile za ofa zisomeni masharti kwanza.

Ngoja, kuhusu hizo nchi 33. Pasi inazibeba zote, viza haizibebi. Uingereza imo kwenye pasi, Serbia imo, Uturuki imo, lakini hizo haziko Schengen, na kila moja ina masharti yake ya kuingia. Usije ukapitiwa na usingizi ukaamkia mpakani.

Halafu kuna jambo lililonichoma. Pasi si kiti! Ujerumani, Austria, Uswisi, Uholanzi, treni nyingi unaingia tu unakaa. Lakini treni za mwendo kasi za Ufaransa (TGV), Italia na Hispania, Eurostar inayounganisha London na Paris, na treni za kulala usiku, lazima ubuku kiti na ukilipie juu ya pasi. Eurostar peke yake ni kama Euro 30 hivi. Tena kwenye baadhi ya treni hizo wenye pasi tunatengewa viti vichache, vikiisha vimeisha, hata kama treni yenyewe ina nafasi.

Mimi nilikwenda na akili ya kituo chetu cha taksi, Old Taxi Park, kwamba nikifika tutabanana. Nikafika kituoni, jina la mji nawafichia, dada wa dirishani akaniambia viti vya pasi hakuna hadi jioni. Banange! Nikaunga treni ndogo ndogo za mikoani, safari ya kuchukua saa 3 ikachukua saa 9. Taksi yetu ya Kampala huondoka ikijaa. Treni ya kule inaondoka hata tupu, na wewe umesimama nje unaiangalia.

Programu ya simu ya Eurail inaitwa Rail Planner, na hiyo naisifu bila kinyongo. Ratiba inafunguka hata bila intaneti. Unatafuta safari, unaiingiza kwenye pasi, inakupa msimbo wa QR, kondakta anauskani. Fanya hivyo kabla hujapanda, siyo ukimwona kondakta anakuja. Simu ikizima huna tiketi, kwa hiyo powabanki iwe mfukoni.

Na saa zao! Shemeji yangu, ambaye sasa nampangia safari yake, aliona 08:14 akaniuliza tutamweka wapi asubuhi nzima kama treni ni ya saa nane. Shemeji, hiyo ni saa mbili na dakika kumi na nne. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 toa sita. Kuanzia 19:00 hadi 23:00 toa kumi na nane. Nimemwandikia kwenye karatasi, kaibandika nyuma ya simu.

Haraka haraka, mliouliza. Watoto wa miaka 4 hadi 11 pasi yao ni bure wakiwa na mtu mzima, lakini ichukueni pamoja na yenu. Luxembourg mabasi na treni ni bure tangu 2020, daraja la pili, msichome siku ya pasi pale. Na kama unakwenda Ujerumani peke yake kumtembelea ndugu, angalia Deutschlandticket, ya mwezi mzima, inayopanda treni za mikoani na usafiri wa mijini, siyo treni za mwendo kasi. Ilianza 2023 kwa Euro 49, ikafika 58 mwaka 2025, na bei bado inapanda.

Shemeji ameshaiweka pasi kwenye kikapu, ya siku 5. Kila jioni ananipigia, "Nilipe?" Namuuliza pasipoti imerudi. Ananyamaza.