Kununua dabo besi ya kwanza: tunavyozipanga, kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia

Kabla hujaulizia bei ya dabo besi, ile ala kubwa ya nyuzi yenye umbo la fidla inayopigwa ikiwa imesimama, ulizia saizi. Ukimwambia muuzaji unataka "saizi kamili", anaweza kukutolea dude la 4/4 ambalo hata wapigaji wengi wa okestra hawana. Saizi ya kawaida ya mtu mzima ni robo tatu (3/4). Kwenye fidla, robo tatu ni ya mtoto. Kwenye besi ndiyo ya kila mtu, na mabegi na nyuzi nyingi zinazouzwa zimepimwa kwa hiyo. Lebo peke yake haitoshi, kwa sababu viwanda havikubaliani. Chukua futi kamba upime kutoka kwenye kizingiti kilichoko juu ya shingo, pale nyuzi zinapoanzia, hadi kichwani mwa daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi juu ya mwili wa besi. Unatafuta sentimita 104 hadi 106.

Ikipita 108, mkono wa kushoto ndio utakaolipa. Kwa uzi wa sentimita 105, nusu toni ya kwanza tu (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili) inakula karibu sentimita 6, na kutoka noti F hadi G kwenye uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ni karibu 11. Ndiyo maana katika nafasi za chini, karibu na kizingiti, vidole ni 1, 2 na 4, cha tatu kikimsindikiza cha nne. Anayetoka kwenye gitaa la besi akitaka kutumia kidole kimoja kwa kila nusu toni ataumiza kifundo cha mkono. Kijana, au mtu mwenye kiganja kidogo, achukue nusu (1/2), ambayo uzi wake ni kama sentimita 97, bila kuona haya.

Kwanza ijue kazi ya fundi

Mpangilio wetu hapa chini umejengwa juu ya jambo moja: kwenye besi ya kuanzia hununui mbao, hununui jina, unanunua ilivyosetiwa. Kuiseti ni kazi ya fundi wa ala za nyuzi. Anachonga miguu ya daraja ikae juu ya uso wa besi bila mwanya hata wa karatasi. Anasimamisha nguzo ya sauti, kijiti cha duara kilichobanwa ndani bila gundi kati ya uso na mgongo, nyuma kidogo ya mguu wa daraja wa upande wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko zote. Anaranda ubao wa vidole uwe na bonde dogo mno katikati ili nyuzi zisigonge zinapotikisika, kisha anashusha mifereji ya kizingiti.

Matokeo yake unaweza kuyapima mwenyewe. Simamisha rula ndogo pale ubao wa vidole unapoishia upande wa daraja, upime kutoka ubaoni hadi chini ya uzi. Kwa nyuzi za chuma na mtu anayejifunza, G iwe milimita 5 hadi 6, E iwe 8 hadi 9. Ukikuta G iko 10 na E iko 14, mkono utakufa ganzi kabla ya skeli ya pili, nawe utajilaumu kwamba huna nguvu. Upande wa juu, bizinesi kadi moja ipite kwa shida kati ya uzi na ubao, karibu kabisa na kizingiti. Ikipita kadi nne, noti za chini zitakuwa ngumu hata daraja lishushwe vipi.

Weka pembeni sehemu ya fedha zako kwa ajili ya fundi, upinde na nyuzi. Tunashauri moja ya tano, zaidi kama besi ni mpya.

1. Plaiwudi ya mtumba, iliyokwisha kusetiwa

Plaiwudi haipasuki ovyo. Hewa ikikauka au ikilowana, tabaka zake zilizopishana zinashikana. Inagongwa mlangoni, inavumilia. Kwa kudonoa nyuzi, sauti yake ni ya mshindo na inatosha kabisa. Kwa upinde ni nzito kidogo kuamka. Kay za Chicago, zilizoanza kutengenezwa 1937, ni za plaiwudi, na nyingi bado zinapigwa hadi leo. Miongoni mwa zinazotengenezwa siku hizi, Shen, Christopher na Eastman wana plaiwudi za kuaminika.

Mtumba una faida nyingine: kama kuna kasoro, imeshajitokeza. Kazi yako ni kuiona. Nenda na tochi, rula na mtu anayepiga.

Anzia kwenye shingo. Tazama pale kisigino cha shingo kinapoingia mwilini: mstari mweusi unaofunguka ukiusukuma kidogo maana yake gundi imeachia au mbao imevunjika, na kazi ya hapo inaweza kumeza nusu ya bei. Panda juu kwenye kisanduku cha mashine za kukazia, tafuta nyufa zinazotoka kwenye matundu. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wote, mbele na nyuma. Palipoungana vizuri hulia "ko", kavu na fupi, palipoachia hutetema. Mshono ulioachia usikutishe sana, kwani kwenye besi nzuri gundi ya ngozi hutiwa hafifu makusudi ili iachie yenyewe kabla mbao haijapasuka. Fundi huubana kwa jiriwa na gundi, basi.

Sasa mulika tochi ndani kupitia matundu ya umbo la f. Nguzo ya sauti imesimama wima? Imeegemea? Hapohapo tazama unene wa ukingo wa tundu. Plaiwudi inaonyesha tabaka kama keki. Mbao tupu inaonyesha nyuzinyuzi zilezile za juu zikiendelea hadi chini. Muuzaji anayekuapia kwamba ni "mbao halisi" amemalizika pale. Na kama ukingo umepakwa rangi nzito isiyoonyesha kitu, mhesabie ni plaiwudi na mpatane bei ya plaiwudi.

Ubao wa vidole uwe wa mpingo (ebony). Wa bei ya chini huwa ni mti laini uliotiwa rangi nyeusi. Lowanisha kidole gumba na usugue ukingo wa chini, sehemu inayoning'inia juu ya mwili. Kidole kikitoka cheusi, umejua. Mti huo laini huchimbika mifereji chini ya nyuzi, kisha kila noti inakoroma. Maliza kwa kupiga kila nusu toni kwenye kila uzi hadi oktava, polepole.

2. Kukodi

Ingekuwa namba moja kama kila anayekodisha angekuwa na besi zilizotunzwa. Ukimpata anayeruhusu kodi ihesabiwe katika bei ya kununua baadaye, chukua. Miezi sita ya kukodi inakuonyesha kama unapenda kupiga besi au unapenda kuitazama. Soma kwenye mkataba nani analipa mshono ukiachia.

3. Nusu kwa nusu

Uso wa mbao tupu ya sprusi (mti wa jamii ya msonobari) iliyochongwa, mgongo na mbavu za plaiwudi. Uso ndio unaofanya kazi kubwa ya sauti, kwa hiyo unapata utamu mwingi wa upinde bila hofu yote ya nyufa. Kwa mwenye mwalimu na nia ya okestra, hii inaweza kupanda hadi namba moja.

4. Mbao tupu

Ndiyo yenye sauti, hakuna ubishi. Lakini inataka unyevu wa asilimia 40 hadi 60 mwaka mzima, na daraja lenye magurudumu ya kurekebisha kimo, kwa kuwa uso hupanda na kushuka na majira. Ya mtumba iliyopasuka pembezoni inarekebishika. Ufa uliopita mahali nguzo ya sauti inaposukuma, uwe juu au mgongoni, ni wa kuiacha: shinikizo haliishi pale, na kiraka chake ni kazi ya wiki.

5. Besi ya umeme ya kusimama

Kimya, nyembamba, inaingia kwenye lifti. Yenye urefu uleule wa uzi inafaa kwa mazoezi ya usiku ya mtu ambaye tayari ana besi. Kwa anayeanza, inakosa mwili wa kuegemea, na mkono hujifunza mkao wa uongo.

6. Mpya ya boksini, ya bei ya kutupa

Daraja bichi kama lilivyotoka kwenye msumeno, nguzo ya sauti imelala chini, nyuzi kama waya wa uzio. Ukijumlisha fundi, ubao mpya na nyuzi, umepita bei ya namba 1, na bado mikononi una kitu chenye umbo la besi.

Upinde, nyuzi na vidogo vingine

Upinde una aina mbili. Wa Kifaransa unashikwa kutoka juu, kama wa selo. Wa Kijerumani una kisigino (sehemu ya kushikia) kirefu zaidi na mkono unaingia kwa nyuma, kiganja kikitazama pembeni. Hakuna ulio bora. Chukua wa mwalimu wako. Kwa fedha ndogo, kaboni inaishinda mbao, kwani mbao rahisi hujipinda. Legeza nywele, tazama kijiti kwa jicho moja toka kisigino hadi ncha: kiwe kimenyooka pembeni na kimebonyea kuelekea nywele. Mbao ya pernambuco, ya Brazili, iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2007, hivyo upinde wa bei ndogo unaodaiwa kuwa pernambuco utilie shaka.

Rozini, utomvu mgumu wa kupaka nywele za upinde, iwe ya besi, si ya fidla. Ya besi ni laini na inanata. Paka kuelekea upande mmoja, kisigino hadi ncha, mara tatu au nne. Iweke wima kwenye kikombe chake, maana kwenye joto inatiririka kama asali na utaikuta imejimwaga ndani ya begi.

Nyuzi: D'Addario Helicore Hybrid zinavumilia upinde na vidole. Thomastik Spirocore ni za kudonoa, zinanguruma muda mrefu, ila zinamsumbua mwanafunzi wa upinde. Pirastro Flexocor zimeelekea upinde. Badilisha moja baada ya nyingine. Ukilegeza zote nne kwa mkupuo, nguzo ya sauti inaweza kuanguka na safari ya kwa fundi ikaanza. Baada ya kukaza, tazama daraja kwa ubavu: kila uzi unaokazwa unalivuta kichwa kuelekea shingoni, na likilala siku nyingi hupinda, au huanguka kwa kishindo.

Programu ya kutuni kwenye simu hushindwa kuusikia uzi wa E, ambao ni hezi 41 tu. Gusa uzi katikati bila kuukandamiza, udonoe; oktava ya juu inasikika safi. Pikapu na amplifaya ziache hadi upate onyesho la kwanza, na zikifika, pikapu ya piezo (kihisio cha mtikisiko kinachobandikwa kwenye daraja) iingie kwenye priamu, kikuza sauti cha awali, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 au zaidi, la sivyo besi itasikika kama kopo.

Mguu wa chuma unaotoka chini ya besi urefushe hadi kizingiti kikaribie usawa wa nyusi zako. Ukipumzika, laza besi ubavu, kamwe isilale juu ya daraja, wala isiegemezwe ukutani peke yake. Ya kusimama iingie kwenye kona, nyuzi zikitazama kona. Kwenye gari ilale kwa ubavu juu ya godoro, kichwa mbele, mguu wa chuma umesukumwa ndani hadi mwisho na skrubu yake imekazwa.